Skrini Inasema Umesimama

Masasi,
11 Julai 2004

Mpendwa Mama Julia,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima ila uchovu. Naandika wenzangu wakiwa wamekwenda kula, maana dereva wa basi la Newala amesema hataningoja.

Kiwanda kimefunguliwa kweli. Ni majengo yale yale niliyoyaacha serikali ilipokifunga, Julia akiwa bado mgongoni kwako. Popo walikuwa wamejaa darini, harufu yao haijaisha hata baada ya rangi mpya. Meneja ni Dastani, yule tuliyekuwa naye zamu moja enzi zile. Ndiye aliyewaambia wenye kiwanda wapya kwamba kuna fundi umeme Newala anayetengeneza redio za watu, na kwamba anapoteza muda wake.

Kazi yenyewe ni hii. Wamenunua roboti, mkono mmoja mkubwa wa chuma wa kunyanyua katoni za korosho na kuzipanga tayari kwa kontena. Ulikuwa kwenye kiwanda cha biskuti huko Ulaya, kikafungwa, ukauzwa. Kifaa cha kuuendeshea kilivunjika njiani, kwa hiyo wakanunua skrini mpya ya kugusa, ya watengenezaji wengine kabisa. Unagusa picha ya kitufe kwa kidole, mkono unatii. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini nagusa, na mkono umekaa tu. Waya umefika, umeme upo, taa zinawaka, kimya.

Nimeshajua sababu. Lugha zao za mtandao, za kupelekeana habari kwenye waya, ni mbili tofauti. Roboti ni ya zamani, haisemi neno mpaka iulizwe. Skrini nayo imewekwa hivi kwamba inasubiri kuletewa habari. Basi kila moja inamngoja mwenzake aanze. Injinia aliyewafungia mitambo alisema anafuata kipuri Dar es Salaam, na simu yake sasa haipatikani.

Niambie hali ya hapo. Maji yanatoka? Na Mama yangu kule Mnyambe, amepata mtu wa kumsaidia shamba?

Wako,
Fortunatus


Newala,
20 Julai 2004

Mpendwa Baba Julia,

Barua yako imefika, inanukia oili. Sisi wazima. Bomba halijatoa maji tangu uondoke, tunachota kwenye kisima chetu cha mvua na kimefika mahali ndoo inagonga sakafu. Shuleni nimepewa darasa la pili lote, mwenzangu amehamishwa na hajaletwa mwingine.

Mama nilimwona Jumapili. Anasema yule kijana uliyemwachia kazi ya kupuliza dawa ya salfa ameipulizia barabara zaidi kuliko mikorosho, na kwamba wewe tangu utotoni huwezi kuchagua mtu. Anasema pia ule, maana ukikonda atasemwa yeye.

Sasa sikiliza. Mdogo wangu Loveness ameshuka Masasi, yuko kwa shangazi pale Mkomaindo. Amesikia mnaajiri. Tangu amalize darasa la saba amekaa tu, na ule uchumba umevunjika kama unavyojua. Naomba umsemee kwa Dastani. Ana nguvu na si mvivu.

Mkeo,
Cecilia


Masasi,
8 Agosti 2004

Mpendwa Mama Julia,

Loveness amepata kazi. Nilimsemea, Dastani hakubisha. Yuko na wale wanawake wanaobeba katoni kutoka meza za kufungia kwenda stoo. Nimemwona akibeba mbili mbili, nikamwambia asifanye hivyo, akacheka.

Mimi nimepata kisanduku cha kuweka katikati ya ile mitambo miwili. Kazi yake ni moja, kumuuliza huyu kwa lugha yake na kumpelekea yule kwa lugha yake. Nilidhani nikikifunga nitalala usingizi. Kumbe imeanza kusikilizana vibaya. Nikituma moja, roboti inasoma mia mbili hamsini na sita. Namba zinafika zikiwa zimegeuzwa, kilichotakiwa kutangulia kimekuja nyuma. Niliamuru mkono usogee kidogo, ukaenda mpaka mwisho wa uwezo wake na kutingisha sakafu. Watu walikimbia. Nashukuru Mungu hapakuwa na mtu karibu.

Macho yananiuma kwa kusoma vile vitabu vya mitambo. Vingine ni vya Kijerumani, natazama picha.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Wako,
Fortunatus


Newala,
22 Agosti 2004

Mpendwa Baba Julia,

Ahsante kwa ajili ya Loveness. Mungu akuzidishie.

Huku kazi ni nyingi, ndiyo maana naandika kifupi. Julia anakusalimu. Mama hajambo, anakusalimu.

Mkeo,
Cecilia


Mkomaindo, Masasi,
5 Septemba 2004

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nanyi pia. Nimenunua viatu vya kufunga, maana wanatukataza ndala.

Kazi naipenda ingawa mabega yanauma. Tuko wanawake wengi, wengine ni mama wa makamo waliofanya kazi hapa zamani, wanajua kila kona ya jengo hili. Bibiana ndiye anayetuongoza. Akianza kuimba tunatembea kwa wimbo wake, na katoni zinakuwa nyepesi.

Dada, kuna jambo nataka kukuuliza. Shemeji anafanya kazi ndani ya uzio wa waya, kwenye ile roboti. Juzi ilianza kunyanyua katoni. Ilinyanyua moja, ikaiweka, ikarudi kuchukua nyingine, taratibu, bila kuiminya. Sisi tulisimama kuangalia. Wengine walipiga makofi. Bibiana hakupiga. Aliniambia, "Wewe unapiga makofi ya nini? Huyo ni mwenzako wa zamu."

Nilimfuata shemeji wakati wa kula nikamuuliza, "Shemeji, ile mashine ikiwa tayari, sisi tutabeba nini?" Akasema, "Kula kwanza, Loveness." Hajanijibu mpaka leo. Naye amekonda, dada, na shati linamvuka mabegani. Hivi wewe unajua?

Nisalimie Julia.

Mdogo wako,
Loveness


Newala,
12 Septemba 2004

Baba Julia,

Loveness ameniandikia. Nakuuliza swali moja, na ninataka jibu la kweli. Ile roboti ikianza kazi, mdogo wangu atabaki au ataondoka? Kama ulijua ataondoka tangu siku ulipomsemea, kwa nini ulimwacha anunue viatu?

Mama hajambo, anakusalimu.

Cecilia


Masasi,
19 Septemba 2004

Mpendwa Mama Julia,

Nilijua. Kila aliyeiona ile mashine alijua, isipokuwa wao wanawake. Mkono mmoja ule unafanya kazi ya wale wote. Uliponiomba nimsemee sikuwa na moyo wa kukuambia kwamba namtafutia kazi ambayo mimi mwenyewe naimaliza. Nikajidanganya kwamba mitambo haitasikilizana, na kwa hiyo nitakuwa sijamkosea mtu. Sasa imesikilizana.

Zile namba zilizogeuka nimezinyoosha. Niligusa skrini, mkono ukanyanyuka. Dastani alinikumbatia mbele ya watu. Lakini juzi nimeona kitu kinachoninyima raha, na nakueleza wewe maana hapa hakuna anayetaka kunisikiliza.

Nilikuwa nimeusimamisha mkono, skrini ikaandika MKONO UMESIMAMA. Nikachomoa waya unaotoka kwenye roboti ili niusafishe. Nilipourudisha haukukaa vizuri, ukaachia, nami bila kujua nikauwasha mkono kutoka kwenye kabati lake la nyuma. Mkono ulikuwa unazunguka nyuma yangu, na skrini mbele yangu bado inasema umesimama. Upepo wake ulinipita sikioni. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha pale kwenye skrini, haikusaidia kitu, maana amri nayo inapita kwenye waya ule ule.

Kisanduku cha katikati kikikosa habari mpya hakisemi kwamba kimekosa. Kinarudia ile ya mwisho. Skrini inaipokea, inaionyesha kwa rangi ya kijani.

Nimemwambia Dastani tusiendelee. Amesema wenye kiwanda wanakuja kuona, injinia ameshatoroka, na yeye ana watoto wanne. Sikumchukia. Alikuwa anaomba.

Jioni hiyo nilizitoa barua zako. Katika ya mwanzo Mama alikuwa ananigombeza mpaka nasikia sauti yake. Mbili za mwisho zina maneno yale yale, hajambo, anakusalimu, kama yaliyopigwa mhuri. Mama yangu hajawahi kunisalimu bila kunisema. Cecilia, Mama ana nini?

Fortunatus


Newala,
24 Septemba 2004

Baba Julia,

Mama alianguka. Ilikuwa katikati ya Agosti, aliteleza kwenye ngazi za kisima chake kule Mnyambe akiwa ameshika ndoo. Nyonga imevunjika. Majirani walimleta hapa kwangu kwa pikipiki mbili, kitanda cha kamba katikati, sijui waliwezaje. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa kwa umri wake alale tu, mfupa ujishike wenyewe.

Siku ya kwanza alinishika mkono akasema, "Usimwambie. Ukimwambia ataacha kazi, na akiacha hii hapati nyingine." Nilimwapia. Tangu hapo nimekuwa nikiandika lile neno hajambo na kulifunga kwenye bahasha kabla sijalisoma.

Sasa nakuambia yote. Namgeuza kitandani asubuhi kabla ya shule na mchana nikirudi. Mgongo wangu umeanza kukataa. Maji ya kumwogesha nanunua kwa wenye baiskeli. Anapoumwa sana anaongea Kimakonde na marehemu baba yako, anamgombeza kama alivyokuwa anakugombeza wewe. Nimechoka, Fortunatus. Nilikukasirikia kuhusu Loveness huku nikijua kwamba mimi nina langu.

Najua unapoisoma hii umeshaanza kutafuta mfuko wako. Usije. Sikiliza vizuri. Mama ana mtu hapa, mtu huyo ni mimi. Loveness anapita karibu na mkono huo kila siku na katoni kichwani, hana mtu pale isipokuwa wewe. Ukiondoka sasa watauendesha hivyo hivyo. Umalize kwanza, ndipo uje.

Cecilia


Mkomaindo, Masasi,
3 Oktoba 2004

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji ameniambia habari za mama yake, Bibi Emilia. Nimelia. Ungeniambia, dada, ningepanda basi siku ile ile.

Nakuandikia ya jana, maana najua shemeji hatakueleza vizuri.

Wenye kiwanda walikuja, mzee mmoja mwenye fimbo na mwanawe wa kike anayesimamia hesabu. Tulipangwa pembeni na vitambaa vyeupe kichwani. Asubuhi nilimsikia shemeji akimwambia meneja, "Dastani, nitaionyesha ikifanya kazi, na nitaionyesha ikikosea. Ukitaka moja tu, tafuta mtu mwingine." Meneja alisema, "Unanimaliza." Shemeji akasema, "Najua."

Basi mashine ikaanza. Ilipanga katoni mpaka zikafika juu, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji akausimamisha mkono, skrini ikaandika kwamba umesimama. Yule mzee akafungua mlango wa uzio mwenyewe, anataka kwenda kuushika. Shemeji alimzuia kwa mkono kifuani. Watu wote tulishtuka, maana mzee yule haguswi.

Shemeji akasema, "Mzee, samahani. Nipe muda mfupi." Akachukua katoni tupu, akaisimamisha pale pale mzee alipotaka kukanyaga. Akachomoa waya mmoja, kisha akauwasha mkono kutoka kwenye kabati lake la nyuma. Akamwita yule binti, "Mama, soma hapo kwenye skrini." Binti akasoma kwa sauti, "Mkono umesimama." Wakati anasoma, mkono ulikuwa unakuja. Uliipiga ile katoni ikaruka mpaka kwenye uzio na kupasuka. Binti akabonyeza kitufe cha kusimamisha, mara ya kwanza, mara ya pili. Mkono unaendelea. Shemeji ndiye aliyekwenda kwenye swichi kuu akazima kiwanda chote.

Feni ziliponyamaza, mzee akauliza, "Umelijua hili tangu lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Mbona sikuambiwa?"

Nilimwona Bwana Dastani anafungua mdomo, lakini shemeji akatangulia, akasema, "Tulitaka uone kwa macho." Mzee aliwaangalia wote wawili. Nadhani alielewa, ila aliliacha. Akauliza inahitaji nini ili itengemae, shemeji akamweleza, akakubali. Binti yake alikwenda kuketi nje kwenye ngazi. Bibiana alimpelekea maji.

Baadaye Bwana Dastani alimfuata shemeji pale kwenye waya zake. Alimshikia tochi.

Mdogo wako,
Loveness


Masasi,
17 Oktoba 2004

Mpendwa Mama Julia,

Nimemaliza.

Sasa roboti inatuma namba inayobadilika kila wakati, haina maana yoyote ila kuonyesha kwamba yuko mtu upande wa pili. Skrini ikiona namba imeganda inawaka nyekundu na kuandika SIJUI. Neno hilo nililichagua mwenyewe. Dastani alitaka tuandike HITILAFU. Nilimwambia hitilafu mtu anaweza kuipuuza, ila mashine ikikiri kwamba haijui, utasimama. Na roboti nayo isipomsikia mwenzake inajisimamisha. Juu ya hayo nimevuta waya wa peke yake, hauingii kwenye mtandao wowote, unatoka kwenye kitufe chekundu cha ukutani na kukata umeme wa mkono moja kwa moja. Nimechomoa kila waya unaoweza kuchomoka, mmoja baada ya mwingine. Kila mara mkono umesimama. Injinia mmoja wa Dar es Salaam ambaye mzee alimtafuta alikuja, akapima, akaongeza swichi ya mlangoni ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Ukifungua uzio sasa mkono unakufa hapo hapo.

Ijumaa waliwaita wale wanawake ofisini. Waliingia kwa makundi na kutoka kwa makundi. Loveness alitoka na kundi la pili. Wamewabakiza wachache tu wa kufunga katoni, wengine wote wameachishwa. Bibiana alikuja mpaka kwenye uzio, akasimama akiangalia mkono ukifanya kazi, nikazima ili tuongee. Akaniambia, "Washa, mwanangu, usije ukagombezwa." Kisha akasema, "Loveness ametuambia ulivyohangaika mkono usituumize. Ahsante." Akaenda.

Ningependa angenitukana, Mama Julia. Nilijitesa miezi mitatu mizima ili mkono huu usimgonge mtu anayepita na katoni. Sasa hauwezi kumgonga. Na hakuna anayepita.

Dastani ananipa kazi ya kudumu, fundi wa zamu, na nyumba ya vyumba viwili ambayo paa lake ni zima. Nimemwambia nitamjibu nikishakuandikia. Sijui nimjibu nini. Siku nyingine nikiuangalia ule mkono unavyoweka katoni, nasikia fahari, halafu naona aibu kwa ile fahari.

Nimemkatia Loveness tiketi. Atafika na barua hii.

Wako,
Fortunatus


Newala,
22 Oktoba 2004

Mpendwa Baba Julia,

Loveness amefika na viatu vyake vya kufunga na mfuko wa korosho za vipande. Aliteremka stendi akaja moja kwa moja chumbani kwa Mama. Aliinama, akapitisha mikono chini yake na kumnyanyua kama anavyonyanyua katoni, goti limekunjwa na mgongo umenyooka, akamgeuza. Mama hakulia. Ni mara ya kwanza anageuzwa bila kulia.

Usiku walikaa wakiongea. Nilisikia Mama akimwuliza, "Kwa hiyo mashine ya mwanangu ndiyo iliyokuleta?" Loveness akasema, "Ndiyo, Bibi." Mama akasema, "Basi kesho uniambie kama nimshukuru au nimpige." Loveness alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, nikasikia Mama anambembeleza kwa Kimakonde, maneno yale anayompa Julia akianguka.

Unauliza umjibu nini Dastani. Mimi siwezi kukuambia kwamba ulifanya vizuri, wala siwezi kukuambia ulikosea, ningekuwa nakuandikia uongo mwingine. Ile kazi mtu angeifanya. Angeifanya yule injinia wa kipuri, na mdogo wangu leo ningekuwa nimemzika. Ichukue. Lakini kwanza mwombe Dastani siku za kupumzika. Nyumba ya vyumba viwili tutaiongelea hapa, ana kwa ana, na Loveness akiwepo, maana na yeye ana haki ya kusema.

Habari za leo ni hizi. Mama amekula uji nusu bakuli, mguu umevimba, na amekuulizia mara nyingi. Maji hayajatoka. Mbegu alizopanda Julia kwenye kopo zimeota, ameziweka dirishani. Mimi nimelala mpaka jua likatoka, nimeshtuka nikidhani nimechelewa kumgeuza, nikakuta Loveness ameshamgeuza.

Basi linaondoka Masasi asubuhi. Panda.

Mkeo,
Cecilia